Nightingale: Muuguzi aliyefichua njaa wodini

WAHENGA walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Florence Nightingale alikwenda mbele zaidi: alishikilia kwamba kuuleta uji hakutoshi, sharti muuguzi ahakikishe umenyweka.

Alizaliwa Mei 12, 1820 mjini Florence, Italia, katika familia tajiri ya Kiingereza. Wazazi wake walipinga azma yake ya kuwa muuguzi, kazi iliyodharauliwa mno enzi hizo, lakini hakutetereka. Mnamo 1851 alipata mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani.

Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, aliwasili na wauguzi 38 katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, ambako leo ni sehemu ya jiji la Istanbul, Uturuki. Alikuta uchafu, maradhi na vifo. Alikuta pia njaa. Nyama ilichemshwa kwa pamoja katika masufuria makubwa, kila fungu likiwa na alama yake. Kuna askari waliopata mnofu na kuna walioambulia mfupa. Waliozidiwa hawakuwa na nguvu za kutafuna hata huo mnofu.

Nightingale alianzisha majiko ya kuwaandalia mahututi vyakula laini. Mwaka wa 1855 mpishi mashuhuri Alexis Soyer, Mfaransa aliyeishi London, alisafiri kwa gharama yake kuja kurekebisha upishi hospitalini humo. Mwaka huo huo Nightingale mwenyewe aliugua homa kali, nusura afe, na afya yake haikurejea kikamilifu.

Katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi, alilalamika kuwa maelfu ya wagonjwa huteswa na njaa ilhali chakula kipo, kwa kuwa hakuna anayejali namna ya kuwawezesha kula. Alishauri asiyeweza kula asubuhi apewe kijiko cha kinywaji chenye lishe kila saa. Aidha, alionya dhidi ya kutegemea mchuzi mwepesi wa nyama na kuacha sahani kando ya kitanda kutwa nzima.

Mnamo 1860 shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Aliaga dunia Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90.

Sayansi ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow, Scotland, alidhihirisha kwamba mwili uliojeruhiwa huila misuli yake wenyewe. Utafiti wa London uliochapishwa 2013 ulibaini kuwa msuli wa paja wa wagonjwa mahututi ulipungua kwa karibu asilimia 18 katika siku 10. Chakula pekee hakizuii hasara hiyo, lakini njaa huizidisha, na anayepona huenda akashindwa hata kusimama.

Ndiyo maana Nightingale alimtaka muuguzi ajue hasa mgonjwa wake amekula kiasi gani, wala si amepakuliwa kiasi gani.