William Carey

William Carey (17 Agosti 1761 – 9 Juni 1834) alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mwalimu na mfasiri wa Biblia kutoka Uingereza. Alianza maisha kama fundi viatu, kisha akafanya kazi Bengal, Uhindi, kwa zaidi ya miaka 40 bila kurudi kwao. Anakumbukwa hasa kwa kutetea wazo kwamba wajibu wa kuwafundisha wengine imani ya Kikristo haukuwa wa mitume wa Yesu peke yao, bali ni wa Wakristo wa kila kizazi.

Mara nyingi anaitwa baba wa umisionari wa kisasa. Sifa hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu hakuwa wa kwanza. Mkatoliki Fransisko Xaveri alifika Goa mwaka 1542, Mlutheri Bartholomäus Ziegenbalg alifika Tranquebar mwaka 1706, na Wamoravia walianza kutuma watu ng'ambo mwaka 1732. Jambo jipya alilolifanya Carey ni kuwaonyesha waumini wa kawaida wa makanisa ya Kiprotestanti ya Uingereza kwamba kazi hiyo iliwahusu wao pia, na kwamba wangeweza kuunda chama cha hiari cha kuitekeleza.

Utoto na ujana

Carey alizaliwa katika kijiji cha Paulerspury, Northamptonshire, akiwa mtoto wa kwanza wa Edmund na Elizabeth Carey. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na baadaye alipata kazi ya kufundisha shule ya kijiji. Tangu utotoni William alipenda kukusanya mimea na wadudu, na kusoma habari za safari za mbali.

Ugonjwa wa ngozi ulimfanya ashindwe kufanya kazi juani. Kwa hiyo, alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, alipelekwa Piddington kujifunza ufundi wa viatu. Huko alikutana na mwanagenzi mwenzake, John Warr, ambaye hakuwa wa Kanisa la Anglikana bali wa makanisa huru. Vijana hao wawili walibishana mara nyingi kuhusu dini huku wakishona viatu. Mwishowe Carey, aliyelelewa katika Uanglikana, alikubali imani ya mwenzake. Tarehe 5 Oktoba 1783 alibatizwa katika mto Nene huko Northampton. Hivyo yeye mwenyewe aliletwa kwenye imani hiyo na fundi wa kawaida, asiye kasisi wala msomi.

Mwaka 1781 alimwoa Dorothy Plackett, ambaye hakujua kuandika. Mtoto wao wa kwanza, Ann, alifariki akiwa bado mdogo.

Mwaka 1785 Carey alihamia Moulton. Hapo alifundisha shule, akashona viatu na kuhubiri, kwa kuwa mapato ya kazi moja hayakutosha kulisha familia. Katika miaka hiyo alijifunza Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiholanzi na Kifaransa, sehemu kubwa kwa juhudi zake mwenyewe. Pia alisoma habari za safari za nahodha James Cook, akatengeneza ramani kubwa ya dunia na kuandika juu yake idadi ya watu na dini ya kila nchi aliyoweza kupata habari zake. Mwaka 1789 alikuwa mchungaji mjini Leicester.

Hoja kuhusu wajibu wa kufundisha

Wabaptisti wengi wa eneo lake walifuata mafundisho makali ya Kikalvini. Waliamini kwamba Mungu atawaokoa wateule wake kwa wakati wake bila kuhitaji msaada wa mtu. Tena walisema agizo la Yesu katika Mathayo 28:19-20, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, lilikuwa la mitume na lilikwisha walipofariki. Kuna masimulizi maarufu kwamba Carey alipolileta swali hilo katika mkutano wa wachungaji, mzee John Ryland alimwamuru akae chini. Mtoto wa mzee huyo, aliyekuwa pia mchungaji na ndiye aliyembatiza Carey, alikana kwamba jambo hilo lilitokea. Hata hivyo, msimamo unaosimuliwa ulikuwepo kweli.

Mwaka 1792 Carey alitoa jibu lake katika kitabu cha kurasa 87, ambacho jina lake refu huanza kwa maneno yenye maana ya uchunguzi kuhusu wajibu wa Wakristo. Kitabu kina sehemu tano.

Katika sehemu ya kwanza anajibu swali kama agizo la Yesu bado linafunga. Kama lilikuwa la mitume tu, anasema, basi na ubatizo ulikuwa wa mitume tu, kwa kuwa maagizo hayo mawili yametolewa pamoja. Lakini makanisa yote yanaendelea kubatiza. Vilevile ahadi ya Yesu ya kuwa pamoja na wanafunzi wake hata mwisho wa dahari isingekuwa na maana kama kazi yenyewe ingekoma baada ya kizazi kimoja.

Sehemu ya pili inaeleza historia ya uenezaji wa Ukristo tangu Matendo ya Mitume hadi Wamoravia. Sehemu ya tatu ni majedwali ya nchi za dunia: ukubwa wake, wakazi wake na dini zao. Carey alikadiria kwamba dunia ilikuwa na watu milioni 731, na kwamba walio wengi hawakuwa Wakristo.

Sehemu ya nne inapima vizuizi: umbali, hatari, chakula na lugha ngeni. Carey anaona kwamba wafanyabiashara hukabili vizuizi vivyo hivyo kwa ajili ya faida, na hawakati tamaa. Kuhusu lugha, aliamini kwamba mtu wa kawaida angeweza kujifunza lugha ya watu katika mwaka mmoja au miwili, kiasi cha kueleweka nao.

Sehemu ya tano inataja njia za kutekeleza wajibu huo. Ya kwanza ni sala, lakini anaongeza kwamba anayeomba jambo hana budi kulifanyia kazi. Kwa hiyo alipendekeza chama chenye kamati na sheria, kama kampuni ya biashara, na michango midogo hata ya peni moja kwa wiki ili maskini nao washiriki.

Mwishoni mwa Mei 1792 alihubiri Nottingham juu ya Isaya 54:2-3. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, katika nyumba ya mjane mmoja mjini Kettering, watu wachache waliunda chama ambacho baadaye kilijulikana kama Chama cha Misheni cha Wabaptisti. Ahadi za kwanza za michango zilifika pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Andrew Fuller alikuwa katibu, na Carey alijitolea kwenda.

Safari na miaka ya kwanza Uhindi

Dorothy hakutaka kwenda. Alikuwa mjamzito, alikuwa na watoto wadogo, na hakuwahi kuishi mbali na kwao. Carey aliamua kutangulia na mtoto wao mkubwa, Felix. Hata hivyo yeye na mwenzake, daktari John Thomas, walishushwa melini kwa sababu hawakuwa na kibali cha Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi wa Mashariki, iliyoogopa kwamba mahubiri yangevuruga biashara yake. Walipokuwa wakitafuta meli nyingine, Dorothy alikuwa amejifungua. Akakubali kusafiri kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Walipanda meli ya Kidenmark tarehe 13 Juni 1793 na kufika Calcutta mwezi wa Novemba.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Fedha ziliisha upesi, na Carey akapata riziki kwa kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati. Mwaka 1794 mtoto wao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Baada ya hapo Dorothy alipatwa na ugonjwa wa akili ambao haukupona mpaka alipofariki tarehe 8 Desemba 1807. Waandishi wa zamani walimtaja kwa kifupi, pengine kama kizuizi cha kazi ya mume wake. Waandishi wa karibuni humtazama kama mtu aliyebeba gharama ya uamuzi ambao hakuufanya yeye, na swali hilo limebaki sehemu ya kila tathmini ya maisha ya Carey.

Makadirio yake kuhusu lugha nayo yalikuwa mepesi mno. Alijifunza Kibengali kwa msaada wa mwalimu wake, Ram Ram Basu, akajifunza na Kisanskrit, lakini kwa miaka saba hakuona Mhindi hata mmoja akibatizwa kutokana na kazi yake.

Serampore

Mwanzoni mwa mwaka 1800 Carey alihamia Serampore, mji uliokuwa chini ya Denmark karibu na Calcutta, ambako Kampuni ya Kiingereza haikuwa na mamlaka. Huko aliungana na mwalimu Joshua Marshman, mke wake Hannah, na mpiga chapa William Ward. Waliishi kwa mfuko mmoja: mapato ya kila mtu yaliingia katika hazina ya pamoja.

Tarehe 28 Desemba 1800 Carey alimbatiza seremala Krishna Pal katika mto Hooghly, siku moja na Felix. Krishna Pal alikuwa amewafahamu wamisionari baada ya Thomas kumtibu mkono ulioteguka. Kabla ya ubatizo alikula pamoja na Wazungu, jambo lililomaanisha kuacha tabaka lake, na watu wa mji walikasirika sana. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mhubiri. Watu wa Serampore walifikia imani kwamba Uhindi ungefundishwa hasa na Wahindi wenyewe, na kwamba mgeni angewatayarisha tu.

Tafsiri na uchapaji

Agano Jipya la Kibengali lilichapwa mwaka 1801, na Agano la Kale lilikamilika mwaka 1809. Mwaka 1801 Carey aliajiriwa kufundisha Kibengali katika Chuo cha Fort William, Calcutta, ambako maofisa wa Kampuni walijifunza lugha za nchi. Sehemu kubwa ya mshahara wake iliingia katika hazina ya Serampore. Aliandika sarufi na kamusi, na pamoja na Marshman alitafsiri sehemu ya utenzi wa Ramayana kwa Kiingereza.

Kwa jumla kituo cha Serampore kilitoa Biblia nzima au sehemu zake katika lugha karibu 40 za Asia. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wataalamu wa Kihindi, akiwemo Mrityunjay Vidyalankar, walimsaidia Carey katika lugha, na fundi Panchanan Karmakar alichonga herufi za kuchapia. Nyingi za tafsiri hizo zilikuwa na makosa, hasa katika lugha ambazo Carey mwenyewe hakuzijua vizuri, na zilirekebishwa au kuandikwa upya na waliofuata.

Tarehe 11 Machi 1812 moto uliteketeza jengo la uchapaji. Karatasi, herufi, miswada ya tafsiri na ya kamusi kubwa ya lugha nyingi viliungua. Mashine za kuchapia zilinusurika. Carey alianza tena kutafsiri, na Wakristo wa Uingereza walichanga fedha za kufidia hasara hiyo.

Elimu na jamii

Wamisionari wa Serampore walifungua shule nyingi za msingi zilizofundisha kwa Kibengali. Mwaka 1818 walianzisha gazeti la Samachar Darpan, mojawapo ya magazeti ya kwanza ya Kibengali, na Chuo cha Serampore kilichopokea vijana wa kila tabaka na dini. Mwaka 1827 mfalme wa Denmark alikipa chuo hicho hati ya kutoa shahada, na mpaka leo kinafanya kazi. Carey alipenda pia elimu ya mimea, na mwaka 1820 alianzisha chama cha kilimo na bustani cha Uhindi.

Kwa miaka mingi alipinga desturi ya sati, yaani kuchomwa kwa mjane pamoja na maiti ya mumewe. Wahindu wenyewe, hasa Ram Mohan Roy, waliipinga pia. Gavana William Bentinck alipoipiga marufuku mwezi wa Desemba 1829, Carey ndiye aliyepewa sheria hiyo aitafsiri kwa Kibengali.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1808 Carey alimwoa Charlotte Rumohr, msomi wa asili ya Denmark, ambaye alifariki mwaka 1821. Miaka miwili baadaye alimwoa Grace Hughes. Baada ya Fuller kufariki mwaka 1815, uhusiano na chama kule Uingereza uliharibika kwa sababu ya ugomvi kuhusu mali za Serampore, na mwaka 1827 pande hizo mbili zilitengana. Carey alifariki Serampore tarehe 9 Juni 1834 akiwa na umri wa miaka 72, na kaburi lake liko huko.

Athari

Mfano wa chama cha Kettering uliigwa haraka. Chama cha Misheni cha London kiliundwa mwaka 1795, na Waanglikana waliunda Chama cha Misheni cha Kanisa (CMS) mwaka 1799. CMS ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili. Wabaptisti wenyewe walianza kazi Kongo mwishoni mwa miaka ya 1870.

Wanaomsifu Carey hutaja juhudi zake na heshima yake kwa lugha za wenyeji. Wanaomkosoa husema aliitazama dini ya Kihindu kama giza tupu na kwamba kazi yake ilikwenda sambamba na kukua kwa ukoloni, ingawa Kampuni ilimzuia mwanzoni na baadaye ikamwajiri. Hoja yake kuu imekubaliwa na makanisa mengi: agizo la kufundisha linamhusu kila Mkristo, na linahitaji maandalizi, lugha, fedha na uvumilivu. Jinsi ya kulitimiza bila kuwatwisha wengine mzigo wasiouchagua ni jambo linaloendelea kujadiliwa.