Bibi Katherine Stinson, Mjenzi wa Nyumba za Udongo

Sisi wa Bagamoyo, na wa pwani yote mpaka Saadani, twazijua nyumba za udongo. Twasimamisha miti, twafunga fito, kisha twakandika. Na kazi ya kukandika mara nyingi huwa ya wanawake. Lakini wako wengi wanaozionea haya nyumba hizo, wakizihesabu kuwa ni dalili ya umaskini. Kwa hiyo twapenda kusimulia habari za mwanamke wa Marekani ambaye hakuziona hivyo.

Katherine Stinson alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Alabama. Alitaka kwenda Ulaya kujifunza kinanda, na ili apate nauli akaazimia kurusha ndege mbele ya watu. Mwaka 1912 akapewa hati ya urubani, mwanamke wa nne katika Marekani. Kinanda kikasahauliwa. Mwaka 1917 aliruka peke yake toka San Diego hata San Francisco, maili 610, pasipo kutua. Kisha akaenda vitani Ulaya kuendesha motokaa za majeruhi, akarudi na maradhi yaliyogeuka kifua kikuu.

Basi akaja Santa Fe, New Mexico, penye hewa kavu, akalazwa hospitalini. Humo alikuwamo mgonjwa mwingine, John Gaw Meem, aliyekuja kuwa mjenzi mashuhuri; naye Katherine akavutwa na ujenzi. Nyumba za huko ni za matofali ya udongo uliochanganywa na majani makavu. Hayachomwi motoni, hukaushwa juani tu, na kuta zake nene huzuia joto la mchana. Hakurudi tena angani. Aliolewa na Miguel Otero, naye rubani wa vita, aliyekuwa baadaye hakimu, akadumu kuchora nyumba mpya kwa namna ya kale, na kuzitengeneza zile kuukuu zisianguke.

Udongo haupatani na saruji, jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalisadiki. Kaskazini ya Santa Fe, kijijini Ranchos de Taos, kanisa la Mtakatifu Fransisko lilipakwa saruji mwaka 1967. Maji ya mvua yakapenya nyufani yasipate pa kutokea, kuta zikaoza kwa ndani. Mwaka 1979 Wakristo wakaibandua saruji yote, wakakandika udongo upya kwa mikono yao, na tangu hapo hukandika kila mwaka.

Bibi Katherine hakuyaona hayo. Alifariki Santa Fe tarehe 8 Julai 1977, mwenye umri wa miaka 86.