Walter Mittelholzer

Walter Mittelholzer (2 Aprili 1894 – 9 Mei 1937) alikuwa rubani na mpiga picha kutoka nchini Uswisi. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege juu ya Kilimanjaro, katika safari yake ya miaka 1929–1930.

Maisha

Alizaliwa mjini St. Gallen, akajifunza upigaji picha kabla ya kuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya usafiri wa anga pamoja na Alfred Comte. Kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 alisafiri kutoka Zürich hadi Cape Town kwa ndege ya Dornier Merkur yenye uwezo wa kutua majini, akifuata mto Nile na maziwa makubwa ya Afrika.

Juu ya Kibo

Safari ya 1929–1930 ilimleta Afrika ya Mashariki pamoja na tajiri Louis von Rothschild wa Vienna, aliyekuja kuwinda. Ndege yao ilikuwa Fokker yenye injini tatu, ambazo silinda zake zilipangwa kwa duara bila kuzunguka. (Zisichanganywe na injini za zamani zilizotumika katika Vita Kuu, ambazo silinda zenyewe zilizunguka.)

Ugumu ulikuwa hewa. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, bali kilele cha Kibo kina mita 5,895, na huko kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa kwa nchi ya chini hutoa petroli nyingi mno kwa hewa hiyo chache: plagi huchafuka, moshi mweusi hutoka na nguvu hupungua wakati inapohitajika zaidi. Kwa hiyo rubani wa siku zile alipunguza petroli kidogokidogo kadiri alivyopanda.

Akipunguza kupita kiasi, injini hupata joto kali, na vali au pistoni huweza kuungua. Kushuka kulihitaji uangalifu zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hewa inazidi kuwa nzito. Rubani aliyesahau kuongeza petroli tena aliweza kuharibu injini akiwa tayari anauona uwanja.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1931 alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa Swissair, iliyoundwa kwa kuunganisha Ad Astra Aero na Balair. Mwaka 1934 alipeleka ndege Ethiopia kwa Kaisari Haile Selassie. Alifariki alipokuwa akipanda milima huko Styria, Austria, akiwa na umri wa miaka 43.

Picha zake za Kibo zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zürich. Zinaonyesha barafu ambayo kwa sehemu kubwa haipo tena: mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 ilibaki chini ya 2.