Svante Arrhenius na Siri ya Chumvi Majini

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala nchini Uswidi. Mwaka wa 1884 aliwasilisha tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, kuhusu jinsi maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme. Watahini hawakuridhika, walimpa alama duni zilizokaribia kumfungia mlango wa uhadhiri. Hata hivyo, hakukata tamaa. Alituma nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine, naye Wilhelm Ostwald akafunga safari kutoka Riga hadi Uppsala kuonana naye.

Mnamo 1887 alichapisha nadharia yake kamili: chumvi itiwapo majini hutengana ikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji, hata pasipo umeme kupitishwa. Wengi walipinga. Sodiamu huwaka ikigusa maji, na klorini ni gesi yenye sumu. Vitu hivyo vingetuliaje majini? Lakini ayoni si sawa na atomu, kwani chaji huibadilisha tabia yake. Utafiti wa baadaye ulidhihirisha kwamba ayoni zimo tayari ndani ya fuwele. Molekuli za maji huzizingira na kuzibandua, upande wa oksijeni ukielekea sodiamu na ule wa haidrojeni ukielekea kloridi.

Nadharia iliyochipuka katika tasnifu ile iliyodharauliwa ilimpatia Arrhenius Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1903, akiwa Mswidi wa kwanza kutuzwa. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927.