Wabera: Nyuma ya Jina la Mtaa

Wengi wetu tukienda Nairobi kwa shughuli zetu hupita Wabera Street bila kuuliza huyo Wabera alikuwa nani. Leo nataka nimzungumzie, maana kisa chake kinatuhusu sisi Wapwani kuliko tunavyodhani.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa DC wa Isiolo. Kiti hicho alikikalia wakati mgumu. Chama cha NPPPP, kilichoundwa 1960, kilikuwa kikidai eneo la Kaskazini lijitenge na Kenya na liungane na Somalia. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikwenda kusikiliza wenyeji, ikakuta sehemu kubwa wanataka kujitenga. Hata hivyo, Machi 1963 London ikaamua eneo libaki Kenya. NPPPP nacho kikasusia uchaguzi wa Mei.

Siku hizo hizo wazee wetu huku walikuwa wakivutana juu ya Mwambao: ile maili kumi ya Sultani ijitawale au iingie Kenya? Letu lilimalizwa kwa sahihi za kalamu, Oktoba 1963. Lao likaangukia kwenye bunduki.

Waborana wa Isiolo, kutoka Garba Tulla hadi Merti kando ya Ewaso Ng'iro, walikuwa wamegawanyika. Wabera na Chifu Haji Galma Dido wakawa wanazunguka kuwasihi watu wabaki Kenya. Tarehe 28 Juni 1963, hata mwezi haujatimia tangu Madaraka, wote wawili waliuawa kwa risasi karibu na Modogashe.

Desemba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, na vita vya Shifta vikapamba moto. Wafugaji walikusanywa kwenye vijiji vya ulinzi, na Merti ilikuwa kimojawapo. Mifugo iliyokosa malisho ilikufa, mingine ikapigwa risasi. Waborana wanaziita siku hizo gaafa dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991.

Kwa maoni yangu, Wabera alistahili mtaa. Aliuawa akiwa ameshika maneno, si silaha. Lakini serikali iliyompa mtaa iliwaadhibu watu wale wale aliokuwa akiwasihi. Aliyetaka kujitenga na aliyetaka kubaki walifungiwa pamoja Merti, wakafilisika pamoja.

Huku Pwani neno la kujitenga halijafa. Likizuka, hutokea wa kulishikia panga na wa kulijibu kwa pingu. Nawaomba wote wawili waitazame Merti kwanza. Mwenye hoja ajibiwe kwa hoja, kama Wabera alivyojaribu.