Gideon Sundback, Mtu wa Zipu

Asubuhi za Juni na Julai huko Itaka, katika wilaya ya Mbozi, si asubuhi za pwani. Baridi ya nyanda za juu huilalia mibuni na mapaa ya bati, na mtoto aendaye shule huvaa koti ambalo mzazi wake amelichagua katika marobota ya mitumba ya Tunduma. Machoni pa mama koti hilo lina sifa moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba linafungika. Siku zipu yake itakapogoma, koti zima, hata liwe zito namna gani, hugeuka tambara la kujitupia mabegani. Tuliwahi kukaa kitako barazani kwa fundi cherehani mmoja wa huko, tukawahesabu wateja wake wa asubuhi moja. Walifika sita. Wanne kati yao hawakuleta kitambaa cha kushona bali zipu iliyoharibika.

Wasomaji wetu wa visiwani pengine watauliza baridi ya Itaka inawahusu nini. Wao wamelelewa na kanga inayoshikwa kwa fundo, na mama zao walijifunika buibui la kamba lisilojua kifungo cha chuma. Lakini nani kisiwani leo asiyekuwa na suruali, mkoba, au begi la safari? Na nani asiyejua jinsi hewa ya chumvi inavyoyatafuna meno ya zipu hata yakagandamana, ikabidi kuyapaka sabuni au mshumaa ndipo yateleze? Kwa hiyo tumeona vema leo tuyaeleze maisha ya mtu aliyetupatia kitu hiki kidogo, nasi tutawaomba waheshimiwa maofisa wa Serikali wavumilie kusoma hadi mwisho, kwa maana lipo jambo ndani yake linalowagusa wao kuliko fundi wa Itaka.

Gideon Sundback alizaliwa tarehe 24 Aprili 1880 katika parokia ya Ödestugu, jimbo la Småland, nchini Sweden. Baba yake alikuwa mkulima mwenye uwezo, naye kijana hakukosa shule. Baada ya masomo ya kwao alikwenda Ujerumani, katika chuo cha ufundi cha mji wa Bingen ulio ukingoni mwa mto Rhein, akafuzu uhandisi mwaka 1903. Miaka miwili baadaye alivuka bahari hadi Marekani, akapata kazi Pittsburgh katika kampuni ya Westinghouse iliyotengeneza mitambo ya umeme. Fani yake, basi, ilikuwa umeme. Hakuna lililoashiria kwamba jina lake lingekuja kushikamana na suruali za watu.

Mwaka 1906 aliiacha mitambo mikubwa, akajiunga na kampuni ndogo ya vifungio vya nguo iliyokuwa Hoboken, New Jersey. Wengine wangeliita jambo hilo kuteremka daraja. Sisi hatuoni hivyo, kwa kuwa tatizo alilolikuta huko lilikuwa gumu kuliko mengi ya umeme, na watu wenye akili walikuwa wamekwisha kushindwa nalo kwa zaidi ya nusu karne. Elias Howe, yule mwenye hataza ya cherehani ya mwaka 1846, alipata hataza ya kifungio cha mfululizo mwaka 1851, lakini hakukishughulikia tena. Kisha Whitcomb Judson wa Chicago alipata hataza zake mwaka 1893 kwa safu ya kulabu na vitanzi vya viatu, vilivyofungwa kwa kukokota kichwa kimoja juu yake. Alivionyesha mwaka huohuo katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo, na watu wakapita bila kuvijali.

Watengeneza glavu, kwa upande wao, walikwisha kupata dawa yao wenyewe. Glavu ya ngozi laini ni lazima ibane kifundo cha mkono bila kuacha uvimbe, na vidole vya mkono mmoja peke yake viweze kuifunga. Mjerumani Heribert Bauer alipata hataza ya kifungo cha kubonyeza mwaka 1885, na mwaka uliofuata Albert-Pierre Raymond wa Grenoble, mji wa Ufaransa uliosifika kwa glavu, akatoa cha kwake. Ni kile kifungo kinacholia ta! kinapoachana. Kwa glavu kilitosha kabisa, na hata leo kinatosha. Lakini kwa uwazi mrefu wa sketi au suruali vingehitajika vingi, na kati ya kimoja na kingine nguo ingepanuka na kuonyesha kisichopaswa kuonekana.

Hapo ndipo kampuni ile ilipokwama. Kifungio chao cha kwanza cha nguo, kilichouzwa kwa jina la C-curity, kilitangazwa kuwa ni salama, hali usalama ndio hasa kiliokosa. Mwanamke alipoinama au kuketi kilifumuka chote kwa mara moja. Kilishika kutu, hivyo kilipaswa kufumuliwa kutoka kwenye nguo kabla ya kufuliwa na kushonwa upya baadaye. Sundback alikirekebisha, kikaitwa Plako, kikawa bora kidogo, nacho kikafumuka vilevile. Kosa halikuwa la vipimo, lilikuwa la wazo lenyewe. Kulabu hushika inapovutwa upande mmoja tu. Ukiipinda, hutoka katika kitanzi chake, na mwili wa binadamu haukai bila kupinda.

Mwaka 1909 alimwoa Elvira Aronson, binti wa meneja wa kiwanda. Mwaka 1911 mkewe alifariki dunia. Wanaosimulia habari zake husema kwamba tangu siku hizo alijifungia na michoro yake, na sisi hatuna haja ya kuongeza neno juu ya majonzi ya mtu. Kampuni nayo ilikuwa taabani, fedha zimekwisha na wafanyakazi wengi wamekwenda zao. Aliyebaki kuitegemeza ni mwanasheria Lewis Walker, ambaye alianza kutia fedha zake katika kifungio hiki tangu enzi za Judson na hakukata tamaa.

Jaribio lililofuata lilizitupa kulabu zote. Upande mmoja wa utepe ulikuwa na ukingo mnene, na upande wa pili meno yaliyoung'ata. Kilishika vizuri, ila meno yaliula utepe, ukachakaa baada ya matumizi machache. Ndipo mwezi Desemba 1913 Sundback alipofika kwenye umbo ambalo, wasomaji wetu, mnaweza kulitazama sasa hivi kwenye mkoba ulio karibu nanyi.

Tazameni kwa makini. Meno ya pande zote mbili ni ya namna moja, hakuna dume wala jike. Kila jino lina kinundu juu na kishimo chini, kama vijiko vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Meno ya upande wa kulia hukaa katikati ya nafasi za meno ya kushoto. Kile kichwa kinachopanda na kushuka kina njia mbili juu zinazokutana kuwa moja chini. Kinapopanda huzikunja safu mbili kidogo, nafasi kati ya meno zikapanuka, na kila jino likaingiza kinundu chake katika kishimo cha jirani. Kikishapita, safu hunyooka, na nafasi hurudi kuwa finyu. Tangu hapo jino haliwezi kutoka peke yake, kwa kuwa limebanwa na la juu yake na la chini yake. Vuta nguo kulia na kushoto upendavyo, inama, keti, panda mnazi, meno hayaachani. Kitu pekee kinachoweza kuyaachanisha ni kichwa kilekile kikirudi, kwa maana ndicho kinachozikunja safu na kulifungua jino mojamoja kwa zamu yake. Usalama wa kifungio hiki, basi, hautokani na nguvu ya jino lolote, bali na ujirani wao. Aliyaongeza meno pia, kutoka manne katika inchi moja hadi kumi au kumi na moja.

Hataza yake ilitolewa tarehe 20 Machi 1917. Lakini kuna sehemu ya kazi yake ambayo wengi huisahau, na sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko zipu yenyewe. Meno madogo kiasi hicho hayatengenezeki kwa mkono kwa bei ambayo mshona nguo aweza kuilipa, na tofauti ya unywele kati ya jino na jino hukifanya kichwa kikwame. Sundback akaunda mashine. Ilimeza waya uliokwisha kupewa umbo la herufi Y, ikaukata vipande bila kupoteza kitu, ikagonga kinundu na kishimo, kisha ikalibana kila jino juu ya utepe kwa umbali uleule. Mwaka wa kwanza mashine hiyo ilitoa futi mia chache kwa siku. Pasipo hiyo, kifungio chake kingekuwa kitu cha kuwekwa kabatini na kuonyeshwa wageni.

Kampuni ilihamia Meadville, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Wateja wa kwanza hawakuwa washonaji wakubwa. Walikuwa mabaharia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walionunua mikanda ya kutunzia fedha, kwani sare zao hazikuwa na mifuko ya kutosha. Jambo ambalo mwana wa kisiwa atalielewa bila kufafanuliwa. Zikafuata nguo za marubani na vifuko vya tumbaku. Mwaka 1923 kampuni ya mpira ya B.F. Goodrich iliweka kifungio hiki kwenye viatu vyake vya mvua na kuviita Zipper, kwa mlio wake. Watu wakaliacha jina la kiatu na kulihamishia kwenye kifungio, na hivyo ndivyo neno zipu lilivyoanza safari yake hadi kufika Itaka. Nguo za watoto zilikipokea katika miaka ya 1930, na suruali za wanaume muda si mrefu baadaye. Kampuni ya Meadville ilijiita Talon mwaka 1937 na ikaajiri maelfu ya watu. Sundback mwenyewe aliongoza pia kiwanda cha vifungio huko St. Catharines, Kanada, huku makazi yake yakiendelea kuwa Meadville.

Sasa tugeukie kwa waheshimiwa. Tangu hataza za Judson mwaka 1893 hadi umbo sahihi la mwaka 1913 ilipita miaka ishirini. Tangu hapo hadi nguo za kila siku ikapita mingine ishirini. Katika muda huo kifungio kilishindwa mbele ya hadhara mara tatu au nne, kila mara kikiwa kimekwisha kutangazwa. Tungependa kuuliza, bila kumlenga mtu, ni mradi gani wa ufundi katika nchi yetu ungevumiliwa hivyo. Tumeona mashine zilizobuniwa na vijana wetu zikipigwa picha katika viwanja vya Nanenane, zikishikwa na viongozi, kisha mwaka wa pili hazipo. Hatusemi kwamba kila moja ilistahili fedha. Tunasema kwamba mwaka mmoja hautoshi kujua.

Liko na jambo la hataza. Sundback alikuwa na karatasi mkononi kabla soko halijafunguka. Fundi wetu akibuni kitu leo, usajili wa hataza kwa Tanzania Bara uko BRELA, na kwa Zanzibar uko kwa wakala wake wenyewe, BPRA. Sheria ni mbili, na ulinzi wa upande mmoja hauvuki bahari wenyewe. Mwana wa Pemba anayeuza kazi yake Mbeya, na mwana wa Mbozi anayeuza Unguja, wote wawili wanapaswa kulijua hilo mapema, na ofisi za wilaya ndizo zenye wajibu wa kuwaeleza. Wangapi wamekwisha kuelezwa? Fundi tuliyeketi naye barazani alidhani hataza ni jambo la viwanda vya Ulaya.

Gideon Sundback alitunukiwa nishani ya dhahabu na Chuo cha Kifalme cha Sayansi za Uhandisi cha Sweden mwaka 1951. Alifariki tarehe 21 Juni 1954 huko Meadville, akazikwa hukohuko. Mwaka 2006 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Wakati huo enzi ya Talon ilikuwa imepita zamani, na uongozi wa biashara hii umeshikwa na kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, ile ambayo herufi zake YKK zimo kwenye vichwa vya zipu nyingi za mitumba ya Tunduma.

Wanne wale wa Itaka wote walitaka zipu mpya. Fundi alizitazama, akabadilisha moja tu iliyong'oka meno. Zile tatu meno yao yalikuwa mazima. Kichwa ndicho kilichochakaa na kupanuka mdomo, kikawa kinapita bila kuyakutanisha. Alichukua koleo, akakibana kila kichwa pande mbili taratibu, akapandisha na kushusha mara mbili tatu, akarudisha makoti kwa wenyewe. Tulimwuliza kwa nini hakuuza zipu tatu ilhali wateja walikuwa tayari kulipa. Alicheka tu, akatuomba tusogee kidogo, tulikuwa tumemzibia mwanga.