Kengele za Harley Street

Florence Nightingale tunamjua kwa ile taa yake ya vitani. Mimi niliyesomea biashara navutiwa zaidi na mwaka 1853, alipopewa kusimamia nyumba ya kutunza wanawake wagonjwa pale Harley Street, London. Hakuanza kwa kuwahubiria wauguzi upole. Alidai maji moto yapande kwa bomba hadi kila ghorofa, chakula kije kwa lifti, na kengele zionyeshe nani anaita. Si muuguzi akishinda akipanda ngazi, mgonjwa atahudumiwa saa ngapi? Kitabu chake cha 1859 kina sura nzima ya usimamizi. Aliona wagonjwa wakiumia, na muuguzi mwema yuko, ila ametoka kidogo bila kumwachia mtu kazi yake.